Mikono ya Kushoto

Daktari alisema jeraha langu ni dogo. Nilimshukuru, nikamwashiria mke wangu tuondoke, na kesho yake nikaenda karakana kuwatangazia wote: "Dogo. Daktari mwenyewe kasema dogo. Haya, kazini."

Lilikuwa pia jeraha la aibu. Niliinama kuokota chaki chini ya rafu ya majora ya vitambaa, nikainuka kwa haraka kama kijana, kona ya chuma ikanipata utosini. Hakukuwa na damu ya kuzungumzia. Wanasema niliketi sakafuni, nikauliza leo ni siku gani, nikajibiwa, nikashukuru, kisha nikauliza tena. Picha ya kichwa ilitoka safi. Mpwa wangu, ambaye ndiye mwenye karakana, alitaka nikae nyumbani mpaka aniite. Nilirudi mezani kabla nundu haijashuka.

Tunashona sare: za shule, za mahoteli, za walinzi. Wengine hushona, mimi hukata. Meza ya kukatia iko katikati ya chumba, ndefu kuliko zote, na nimesimama mbele yake tangu mpwa wangu akiwa binti wa kushikiza vifungo. Karakana aliirithi kwa marehemu baba yake, shemeji yangu. Meza haikurithiwa na mtu. Anayeshona akikosea hufumua, akaanza upya. Anayekata akikosea, kitambaa kimekwenda. Ndiyo maana mkataji huitwa fundi hata na mafundi wenzake, na ndiyo maana sikutaka mtu yeyote ajue kilichokuwa kinanipata.

Asubuhi nilikuwa mzima kabisa. Chaki ilikwenda nilikotaka, vipimo vilikaa kichwani kama watoto wenye adabu. Kisha mtu ananiuliza jambo, simu inalia, cherehani tatu zinaanza kwa pamoja, na mambo yanageuka. Hayakuwa maumivu, maumivu nayajua. Haukuwa usingizi pia, kwa sababu nikijilaza macho yanabaki wazi makavu. Ilikuwa kama cherehani iliyokatika mkanda: unakanyaga, gurudumu la chini linazunguka vizuri tu, lakini sindano haishuki. Mtu anaongea nami, namwona midomo, naelewa kila neno, na maneno hayakai pamoja kuwa kitu.

Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda stoo. "Naenda kuangalia lile jora la kijivu," nasema, naingia, nafunga mlango, nakaa gizani nyuma ya majora na kuegemeza paji la uso kwenye kitambaa.

"Fundi," alisema siku moja mwanamke anayeshona mikono na kola, "hilo jora la kijivu umelioa? Kila saa unakwenda kulijulia hali."

Watu wakacheka. Mwanamke huyo tunamwita Redio, kwa sababu hana pa kuzimwa. Tangu anapofungua cherehani yake mpaka anapoifunika anazungumza, na mikono yake haikosei hata mshono mmoja.

"Angalau lenyewe halisemi," nilimjibu.

"Ndiyo wake wanaokufaa wewe. Mwambie mama watoto aanze kukaa kimya, atapendwa."

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Nikikaa, miguu inataka kusimama. Nikisimama, kichwa kinataka kukaa. Nilikuwa nikianza kurekebisha bawaba ya kabati, naiacha, nafungua gazeti, nasoma mstari uleule mpaka unaniudhi, nalikunja, narudi kwenye bawaba. Mke wangu alikuwa akinitazama kutoka mlango wa jikoni.

"Mwanao kapiga simu," aliniambia jioni moja.

"Moja moja, jamani! Moja moja!"

"Hilo ni moja, mzee."

Nilikwenda kutazama bawaba.

Basi ikaja kazi ya hospitali. Sare za wauguzi, za buluu, mikono mirefu, kitambaa kilichotiwa rangi kiwandani kwa ajili yao peke yao. Mpwa wangu alikiweka mezani kwangu mwenyewe, akakipapasa.

"Mjomba, kitambaa hiki ni cha pipa moja la rangi. Kikipungua hatupati kingine cha rangi hii hii. Na wakiridhika, hospitali yote ni yetu. Utaweza, au nimpe Msumeno?"

Msumeno ni mkataji wa pili, mtu mzima mwenye familia, mpole, aliyepewa jina hilo kwa anavyokoroma wakati wa chakula cha mchana. Anakata vizuri. Siku zote amekata kwenye meza ndogo, karibu na dirisha.

"Unaniuliza mimi?" nikasema.

"Nakuuliza kwa sababu siku hizi umekonda uso."

"Nguo hazikatwi kwa uso."

Akacheka. "Haya, mjomba. Ni yako." Lakini kabla hajaondoka aligeuka. "Ila nikiona mambo hayaendi, nitakuweka mapokezi. Kule utapokea wateja, utakaa, utapumzika."

Alisema kwa mapenzi. Mapokezi kuna kiti, feni na kalenda, na anayekaa pale huulizwa tu choo kiko wapi.

Katika karakana yetu hakuna anayekata kabla meza haijasomwa. Utaratibu huo niliuweka mimi. Unatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, upande wa nje ukitazama juu, na juu ya tabaka la mwisho unachora kwa chaki kila kipande kwa kuzungusha karatasi yake ngumu: mgongo, mbele, kola, mikono. Kisha mtu mwingine, asiye yule aliyechora, anaizunguka meza na kutaja vipande kwa sauti. Mchoraji anaweka kiganja juu ya mchoro na kujibu "Upo." Wakishamaliza ndipo mashine ya kukatia inawashwa, maana inapopita imepita kwenye tabaka zote. Msomaji wetu ni Redio. Kila kipande kinaishia mikononi mwake, anavijua kama watoto wa dada yake.

Siku ya kukata nilifika mapema, nikatandaza, nikachora mgongo na mbele zote mbili bila kusita. Nikachukua karatasi ya mkono. Mkono huchorwa hivi: unaizungusha chaki mara moja, kisha unaipindua karatasi, nyuma iwe mbele, unaichora tena. Ukifanya hivyo una wa kulia na wa kushoto. Mtu anayejifunza kazi hufundishwa hilo siku ya kwanza.

Nilikuwa nimechora mmoja mpwa wangu alipokuja kuuliza kama vifungo viwe vyeupe au vya buluu. Nikamjibu. Simu ikalia mezani kwake, akaondoka, akarudi kuniuliza kama nguo zitakuwa tayari kabla ya mwisho wa wiki. Nikamjibu. Msumeno akaja kutafuta mafuta ya mashine. Nikamwonyesha. Nyuma yangu Redio alikuwa anasimulia harusi ya wifi yake, na feni ilikuwa inagonga kitu kila ikizunguka, tak, tak, na nilijikuta naingoja ile tak badala ya kufanya kazi. Nilipotazama chini karatasi ilikuwa mkononi mwangu na chaki ilikuwa mkono wa pili. Nikachora. Mkanda ulikuwa umeshakatika, nilijua. Nilitaka nimalize kabla gurudumu halijasimama lenyewe.

"Tusome, fundi," Redio akasema, akija huku anajifuta nyuzi. "Mgongo."

"Upo."

"Mbele kulia. Basi bwana harusi naye, si akakanyaga shela? Mbele kushoto."

"Upo."

"Shela likabaki chini, bibi harusi anaendelea kutembea hana habari. Kola."

Nilitafuta kola. Niliiona, na kiganja changu hakikuifikia, kwa sababu bado nilikuwa nalitazama lile shela sakafuni.

"Nenda," nikasema.

"Wapi?"

"Kashone. Nitasoma mwenyewe."

"Meza haisomwi na aliyeichora. Ni maneno yako hayo."

"Na haya pia ni maneno yangu. Nenda!"

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Cherehani zilisimama kidogo. Redio alinyanyua mikono kama mtu anayeonyeshwa bunduki, akarudi kwenye kiti chake. Mpwa wangu alikuwa bado kwenye simu. Nikawasha mashine nikakata. Ilipita vizuri, ukingo safi kama wa karatasi mpya, na nilipomaliza nilifunga mafungu ya vipande kwa utepe, nikaenda stoo kwa jora la kijivu.

Nilitoka huko mchana, na karakana ilikuwa imebadilika kwa namna ambayo sikuitambua mara moja. Redio alikuwa amenyamaza. Watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama, kama umeme umekatika.

"Fundi," alisema polepole. "Hebu njoo."

Alikuwa ameshikilia mikono miwili ya buluu, mmoja huku, mmoja huku. Akaipanga juu ya meza yake, mmoja juu ya mwingine, yote nje ikitazama juu. Ililala sawa, ukingo kwa ukingo.

"Geuza mmoja," nikasema.

"Nikigeuza, nje inakuwa ndani. Tazama, upande huu umepauka."

"Chukua fungu jingine."

"Nimechukua yote, fundi. Yote ni ya kushoto."

Nilimnyang'anya fungu, nikalifungua, nikatandaza mkono baada ya mkono. Niliipindua, nikairudisha, nikaipindua tena. Kila mmoja ulikuwa wa kushoto. Nilijua tangu wa kwanza, lakini vidole havikutaka kuacha.

"Labda hospitali hiyo wanaajiri watu maalumu," Redio akasema, akijaribu kunisaidia kwa njia anayoijua. "Wauguzi wote ni mashoto, tena pande zote mbili." Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakucheka.

Mpwa wangu alikuja, akatazama, akaelewa haraka. Yeye ni mtoto wa karakana. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Nani aliisoma meza?"

"Nilisoma mwenyewe," nikasema.

"Mjomba."

"Niletee kilichobaki. Nakata ya kulia sasa hivi."

"Kilichobaki hakitoshi. Mjomba, kaa."

"Nipe hata mabaki, nitaunga..."

"Kaa, tafadhali."

Siwezi kusema nilikataa kukaa. Nilijaribu, nikainuka, nikajaribu tena. Nilikuwa nahamisha mikasi kutoka upande huu wa meza kwenda upande ule. Akaichukua mkononi mwangu, si kwa nguvu, akamkabidhi Msumeno. Msumeno alisimama nayo kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.

"Kuanzia kesho utakaa mapokezi," mpwa wangu akasema. "Mpaka upone."

"Kupona nini? Sina ugonjwa! Daktari alisema dogo. Unataka kuniweka pale kama saa ya ukutani?"

"Saa ingeniambia ukweli," akasema, na macho yake yakajaa maji. Nilichukua koti langu.

Barabarani kulikuwa na jua kali na pikipiki. Nilifika kwenye kivuko ninachokivuka kila siku, nikasimama. Taa ikawa kijani, watu wakavuka, ikawa nyekundu, ikawa kijani. Honi, mtu wa vocha anaita, kibao cha duka kinachomeza na kutema rangi, mtoto analia, mlango wa chuma unaburutwa. Kila kimoja kilidai nikitazame, na kila nilipokitazama kingine kilinivuta shati. Nilijua nyumba yangu iko upande gani. Sikuweza tu kuchagua lini niinue mguu.

"Mzee," akaniita mama mmoja muuza matunda, "unavuka au umeajiriwa kulinda hiyo nguzo?"

"Navuka."

"Basi twende, nami navuka." Hakuwa anavuka, aliacha matunda yake. Akanifikisha ng'ambo, akarudi mbio.

Nyumbani nilizunguka kutoka sebuleni hadi chumbani mpaka mke wangu akasimama njiani na kunizuia kwa kifua.

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, lakini alikuwa mke wa mkataji kwa muda mrefu, na niliposema "mikono ya kushoto" alifunika mdomo.

"Na mpwa wako umemwambia alichosema daktari?"

"Nimewaambia wote. Dogo."

"Mimi nilikuwepo chumbani mule, mzee. Wewe ulikuwa umeshafika mlangoni." Akaketi, akaweka kiganja kwenye kiti cha pili mpaka nami nikakaa. "Alisema jeraha ni dogo, lakini kichwa kilichotikiswa kinachoka upesi, na uchovu wake hauonekani usoni. Alisema upumzike kabla hujachoka, si baada. Ukilazimisha, utakosea mambo unayoyajua kuliko yote. Alisema huenda ikachukua miezi."

"Mbona hukunikumbusha?"

"Nilikukumbusha. Kila nikifungua mdomo unasema moja moja."

Nilitaka kuinuka. Alinishika mkono wa shati, na nikabaki.

Asubuhi nilikuwa na kichwa kizima. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi: kila asubuhi ilikuwa inaniambia kwamba jana ilikuwa uongo. Nilifika karakana kabla ya wengine. Mpwa wangu alikuwa peke yake ofisini, na kipande cha kitambaa cheupe kilikuwa mbele yake. Alikuwa ameshazungumza na msimamizi wa wauguzi. Walikubaliana mikono yote iwe myeupe, na ile ya buluu itengenezwe mifuko na kofia. Msimamizi alisema nyeupe inaonyesha uchafu haraka, na ndivyo anavyotaka.

Nilimwambia maneno yote ya daktari, nusu ya kwanza na nusu ya pili, nikiwa nimesimama, mikono mfukoni ili isitafute cha kushika.

"Kwa nini hukuniambia, mjomba?"

"Ungenitoa mezani."

"Nimekutoa."

"Ndiyo. Sasa nakuomba unirudishe kwa nusu. Asubuhi mimi ni mkataji, na unajua hakuna anayenishinda. Baadaye mimi ni mjomba wako tu. Niruhusu nikate ningali mkataji. Feni izimwe. Maswali yote niulizwe kabla sijashika chaki. Na meza isomwe."

Alikunja na kukunjua kile cheupe. "Na nani atasema muda umekwisha? Wewe hutasema. Nakujua."

"Nitasema."

"Hutasema. Redio ndiye atasema. Akisema tosha, unaweka chaki chini hata kama umebakiza mstari mmoja. Ukikataa mara moja tu, meza ni ya Msumeno na hatuongei tena."

"Hakuna mwingine?"

"Mwingine nani? Msumeno atakuwa amelala."

Redio alipoambiwa alikuna kichwa. "Nimsome mzee badala ya meza? Haya. Ila mimi kunyamaza sijawahi, sijui kama kuna dawa yake."

"Nong'ona," nikamwambia.

"Nitanong'ona. Nikifa kwa maneno ya ndani, mtanizika na cherehani yangu."

Nilitandaza kitambaa cheupe. Chumba kilikuwa kimya cha ajabu, cherehani za karibu zikiwa zimehamishiwa ukutani, na kila mtu alikuwa na shughuli ya kujifanya hanitazami. Nilichora wa kwanza. Nikapindua karatasi, nyuma ikawa mbele, nikachora wa pili. Nikasogea, nikachora jozi nyingine, na nyingine. Kazi ilikuwa tamu. Redio alikaa kwenye stuli ng'ambo ya meza akiwa amejishika mdomo, na macho yake hayakuwa kwenye chaki. Yalikuwa kwenye uso wangu, kisha kwenye vidole vyangu.

"Mkono kulia," akanong'ona.

"Upo. Upo," nikajibu, na kusogea.

"Sijauliza wa pili, fundi."

"Nimekujibu mapema."

Nikaanza mwingine. Chaki ilivunjika. Nikachukua nyingine, nikabonyeza, nikazungusha bega la mkono mpaka kwenye kwapa.

"Tosha," akasema.

"Bado huu mmoja."

"Tosha, fundi."

"Ni nusu mkono, mwanamke! Nausoma wote kichwani, nauona mpaka mwisho!"

Na kweli niliuona. Niliuona wazi vilevile nilivyouona ule wa jana. Mpwa wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi, mikono kifuani. Msumeno alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa na hamu ya kumalizia ule mstari, hamu ya mtu mwenye kiu aliyeshika glasi.

Nikaweka chaki chini.

Nilipita katikati yao bila kugeuza shingo, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Kuna benchi pale, ukutani, kwenye kivuli. Nikaketi. Nilisikia viatu vya Msumeno vikisogea kwenye meza yangu, karatasi ikipinduliwa, kisha kimya. Anapindua upande gani? Niliinuka, nikafika mlangoni, nikashika kitasa. Nikarudi. Niliketi, nikasimama, nikakanyaga majani yaliyoota kwenye ufa wa saruji, nikaketi tena na kuvikalia vidole vyangu.

"Mkono kushoto," alisema Redio huko ndani, kwa sauti yake yote sasa.

Nilingoja, shingo nimeinyoosha.

"Upo," akajibu Msumeno.